Upole wa Mzee Sindano

Baba mkwe wangu hakuwahi kunishukuru kwa kitu chochote, na kwa utaratibu huo tulielewana vizuri. Nikimpelekea chai, atasema ni ya moto. Nikiisubiri ipoe kidogo, atasema imepoa. Siku ambayo haikuwa ya moto wala haijapoa, alisema kikombe ni kidogo.

Watu walimwita Mzee Sindano. Wateja walidhani jina lilitokana na kazi, maana alikuwa fundi magodoro tangu ujana wake. Sisi wa nyumbani tulijua linatokana na ulimi.

Karakana iko mbele ya nyumba, na chumba chake kiko nyuma ya karakana, katikati mlango mmoja ambao haufungwi. Mume wangu hupiga pamba na kujaza, mimi nakaa kwenye cherehani nashona mifuko ya magodoro. Mzee alipostaafu hakustaafu kusema. Aliwekewa kiti chake ng'ambo ya mlango, na kutoka pale alikuwa anasikiliza cherehani yangu kama hakimu anayesikiliza shahidi muongo. "Umeruka pembe," atasema, bila hata kuniona. Nikiangalia, kweli nimeruka pembe. Hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi.

Kwa miaka yote ya kazi alivuta vumbi la pamba, na palipokosekana pamba alivuta sigara, ili mapafu yasikae bure. Mwishowe mapafu yakamchoka. Alikuwa akivuka chumba anasimama njiani kupumzika kama mtu aliyepanda mlima. Kulala chali kulimshinda, akilala tu pumzi zinamkaba. Kwa hiyo mtu aliyelaza nusu ya mji akawa analala ameketi.

Hospitali ikatuazima mashine ya oksijeni. Ni sanduku lenye magurudumu, linanguruma, lina mpira mwembamba unaoingia puani, na mbele lina kioo kidogo chenye namba. Ndani ya kioo mna gololi. Ukizungusha kitufe, hewa inaongezeka na gololi inapanda. Muuguzi aliyeileta alituonyesha: gololi ikae kwenye moja, isipande kupita hapo. Alisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa anamtazama wifi yangu.

Hakutueleza ni kwa nini, nasi hatukuuliza, kwa sababu kila mmoja wetu alijiona anajua. Tulidhani ni ubahili. Mume wangu alifikiri mashine inalindwa isichakae. Mimi nilifikiri ni umeme. Wifi yangu alisema waziwazi kwamba hospitali siku zote humpimia maskini kwa kijiko cha chai.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, naye ni mpishi wa shule ya bweni. Mikono yake imezoea upawa. Mama yao alifariki wifi akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu hapo aliacha shule akawa anampikia baba na mdogo wake, akafua, akafagia, akakua hivyohivyo bila mtu kusema asante, maana nyumba ile haikuwa na neno hilo. Kwake mtu hajala mpaka aseme basi, na akisema basi anaongezwa kijiko cha mwisho. Hajui njia nyingine ya kumpenda mtu. Siku ya pili tu ya mashine alimkuta baba yake anahema, akatazama kile kioo, akakunja uso.

"Baba anatafuta hewa, na hewa ipo," alisema. "Tunamwekea nani?"

Akazungusha kitufe, gololi ikapanda hadi mbili. Mzee akasema amechelewa, angefanya hivyo jana.

Ingekuwa wifi peke yake tungepona. Lakini mgonjwa ana wageni, na mkono mtupu haulambwi. Zamani walikuwa wanaleta matunda. Sasa mzee hali, akila anachoka kabla ya kushiba, na kila mtu aliona aibu kukaa pale mikono mapajani. Wakagundua kitufe. Baba mdogo alikuja akampa pole kaka yake, akaongeza kidogo. Jirani fundi viatu alikuja, akatikisa kichwa, akaongeza. Mama mmoja ambaye mzee alikuwa amegombana naye kuhusu godoro la harusi ya binti yake alikuja kumsamehe, na ili ionekane amesamehe kwa moyo mweupe, akaongeza nyingi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tunasema penye wengi hapaharibiki neno. Waliosema hivyo hawakuwa na mashine yenye kitufe.

Siku zilizofuata mzee akaanza kubadilika.

Kwanza alilala vizuri. Halafu akalala na mchana. Uso wake ulinawiri, na mikono, ambayo daima ilikuwa baridi, ikawa na joto la kupendeza. Asubuhi alilalamika kichwa kinauma, lakini alilalamika kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. Nikampelekea chai. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akaniangalia.

"Asante, mwanangu," akasema.

Nilirudi karakana nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Mume wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia baba yako amenishukuru. Akafikiri kidogo, kisha akasema uzee una hekima yake, mtu akifika mwisho huona mbali. Alisema hivyo kwa fahari, kama ni yeye aliyemlea.

Nilifurahi. Sioni haya kusema. Miaka kumi na tano nimeolewa katika nyumba ile nikishona chini ya ulinzi, na sasa nilikuwa nashona nikiimba. Habari zikasambaa. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga pale wakaja kumtazama Mzee Sindano aliyekuwa mpole, kama watu wanavyokwenda kutazama nyumba iliyopakwa rangi mpya. Aliwabariki wote. Jirani fundi viatu aliambiwa viatu vyake ni imara, jambo ambalo hata yeye mwenyewe hajawahi kulidai.

Lakini aliyepata kubwa kuliko wote ni wifi. Alikuja jioni kutoka shuleni, bado ana harufu ya moshi wa jikoni, akakaa kwenye stuli karibu na kiti cha baba yake. Mimi nilikuwa mlangoni nakunja vitambaa. Mzee akafumbua macho, akamshika mkono.

"Wewe," akamwambia polepole, "nilikuona. Mama yenu alipoondoka. Nyumba hii uliishika wewe. Nilikuwa nakuona."

Wifi alikaa na ule mkono mpaka mzee akasinzia, na baada ya kusinzia aliendelea kukaa nao. Alipotoka alipita karakana akanikumbatia, kitu ambacho hatufanyi, kisha akaenda zake nyumbani kwake akilia barabarani bila kujificha. Kesho yake aliwahadithia wapishi wenzake wote. Nafikiri wanafunzi siku hiyo walishiba sana.

Mimi ndiye niliyeanza kupata wasiwasi, na si kwa sababu nina akili kuliko wengine. Ni kwa sababu ya kazi. Niliuza mfuko wa godoro ukarudishwa. Pembe imerukwa. Nikajiuliza imekuwaje, nikakumbuka kwamba sikuambiwa. Kutoka mle ndani siku nzima hakukutoka neno, ila ngurumo ya mashine tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Alikuwa amesinzia, kinywa wazi, na kifua kinapanda kidogo sana, kivivu, kama kifua cha mtu asiyekuwa na haja.

Nikafanya jaribio. Nilichukua kitambaa nikashona mshono wa ukingo makusudi mbaya, umepinda kama njia ya mbuzi, uzi umelegea, mahali pengine nimepita mara mbili na mahali pengine sikupita kabisa. Sijawahi kushona kitu kibaya vile hata nilipokuwa najifunza. Nikamwamsha, ilinichukua muda kumwamsha, nikamwekea mikononi.

"Baba, angalia mshono huu."

Akauinua mbele ya macho. Viganja vyake vilikuwa vinaangukaanguka, vinainuka tena, kama anampungia mtu aliye mbali. Akaupapasa na kidole gumba, kile kidole ambacho miaka yote kilikuwa kinakamata kosa kabla ya jicho.

"Mikono ya dhahabu," akasema, na macho yakafumba.

Nikaenda karakana nikamwambia mume wangu, "Tafuta gari. Baba anakufa."

"Amesema nini?"

"Amenisifu kwa mshono huu."

Mume wangu aliushika ule mshono, akautazama mwanzo hadi mwisho, akatoka kutafuta gari bila viatu.

Njiani mzee hakuamka tena. Wifi alitukuta hospitalini na aproni yake. Walimtoa damu kwenye kifundo cha mkono, wakamvalisha barakoa iliyobana uso mzima, imeungwa na mashine nyingine inayosukuma hewa kwa nguvu, wakatutoa nje. Tukakaa kwenye benchi la ukutani. Wifi aliuliza mara nyingi kama wanampa oksijeni ya kutosha, na kila muuguzi aliyeulizwa alijibu kwa swali: nyumbani mlikuwa mmemwekea ngapi?

Hatimaye daktari akatoka. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, na alikaa nasi pale benchini, jambo lililonitisha. Madaktari hukaa wakiwa na habari ndefu.

"Mnadhani mtu anapumua kwa sababu anataka oksijeni," alisema.

Mume wangu akasema ndiyo, sasa apumue kwa sababu gani nyingine.

"Mtu mzima wa afya anapumua hasa kwa sababu anataka kuitoa hewa ya ukaa. Ile hewa chafu ya mwilini. Kuna mahali chini ya ubongo, hapa kisogoni, panaonja damu kila saa. Hewa ya ukaa ikizidi, panaamuru: pumua. Mtoto akinuna akabana pumzi hafi, si mmeona? Mwili unamnyang'anya uamuzi."

Tulikubali kwamba tumeona.

"Baba yenu mapafu yake yameshindwa kuitoa vizuri, miaka sasa. Ile hewa imejaa mpaka kisogo kimeizoea, kama mtu anayeishi jirani na mashine ya kusaga. Hakiisikii tena. Kwa hiyo anamtegemea sana mlinzi wa pili, yuko kwenye mishipa ya shingo. Huyu anachungulia oksijeni. Ikipungua kidogo anashtuka, anasema pumua. Nyinyi mkamjazia oksijeni mpaka mlinzi akaona kila kitu kipo, akalegea. Pumzi zikawa ndogondogo, hewa ya ukaa ikapanda, na ikipanda sana inalevya. Kuna sababu nyingine pia, za damu na za mapafu yenyewe, lakini hii moja inatosha kuwafanya muache kile kitufe."

"Kwa hiyo upungufu ndio unaomfanya apumue," alisema mume wangu.

"Upungufu mdogo. Wa kipimo. Ndiyo ile moja mliyoambiwa."

Nilielewa palepale, kuliko nilivyowahi kuelewa kitu chochote kuhusu mwili wa binadamu. Baba mkwe wangu alikuwa anaishi kwa kutoridhika. Tulimridhisha, nusura afe.

Daktari akatutajia dalili ili siku nyingine tuzijue: usingizi wa mchana, kichwa asubuhi, mikono yenye joto, viganja kuangukaanguka, mtu kubadilika tabia. Kila alipotaja moja, mume wangu alizidi kuinama. Ilipofika mikono yenye joto, wifi alivifungia viganja vyake ndani ya aproni.

"Daktari," alisema, "kuna maneno aliniambia wiki hii. Maneno nayo ni ya hiyo hewa?"

Daktari alimtazama vizuri kabla ya kujibu. "Hewa naweza kuipima, dada. Maneno siwezi."

Kesho yake adhuhuri mzee aliamka. Walipomwondolea barakoa aseme kitu, alisema barakoa imeshonwa na mlevi. Mume wangu alilia kwa furaha. Mimi nilienda dirishani nikajifanya naangalia nje, maana nami nilikuwa nalia, na sikutaka anione halafu anitafutie kosa katika kulia kwangu.

Ile wiki hakuikumbuka. Tulimuuliza kwa kuzungukazunguka, akasema anakumbuka mashine, na kwamba watu wengi walikuja wakakaa sana. Alipoambiwa kwamba alimbariki yule mama wa godoro la harusi, alituangalia kama watu tuliomwibia.

Tukamrudisha nyumbani, gololi kwenye moja. Wifi akaomba likizo shuleni akajipa kazi ya kulinda kitufe. Hakuna aliyebisha. Aliyeunguza ndiye anayejua moto uko wapi. Baba mdogo alipokuja na mkono wake kuanza kusogea, wifi aliupiga kofi kama wa mtoto anayechovya sukari. Lakini kulinda kulimuumiza kuliko kupika. Baba yake alikuwa anahema mbele yake, mabega yanapanda na kushuka, maneno yanatoka vipandevipande, naye anayejua kuongeza tu anakaa pale mikono mapajani.

Na mzee hakumsaidia. Alasiri moja nikiwa kwenye cherehani nilimsikia.

"Ongeza hewa."

"Hapana, Baba. Daktari amesema moja."

"Mimi... ndiye ninayeumwa. Si daktari."

"Najua, Baba."

"Una roho... ngumu. Toka zamani."

Mzee akachoka kugomba, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Kukawa kimya kirefu, nami siku hizi kimya kikiwa kirefu naacha kushona. Nikaenda mlangoni. Wifi alikuwa ameinama mbele ya mashine, vidole vyake viko juu ya kitufe. Hakuwa anazungusha. Alikuwa amevilaza tu.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ya chini bila kugeuka, "nikimpandishia mpaka mbili tu, atanishika tena mkono?"

Ningeweza kumwambia hapana, na ningekuwa namdanganya.

"Atakushika," nikasema. "Halafu atalala."

Kisha akaondoa vidole kimoja kimoja, akarudi kwenye stuli. Nilitamani kumshika mimi, lakini si mkono wangu aliokuwa anautaka, na wifi si mtu wa kudanganyiwa kipimo.

"Mnanong'ona nini?" alisema mzee. Kumbe hakuwa amelala.

Wifi akajifuta uso na ncha ya khanga. "Baba, ulipokuwa unaumwa sana uliniambia kitu."

"Kitu gani?"

"Ulisema uliniona. Mama alipoondoka."

Mzee alihema. Nilisimama pale mlangoni nikimwomba kimoyomoyo, mimi ambaye sijawahi kumwomba kitu mzee yule, aseme ndiyo tu, neno lenyewe si refu.

"Nilikuwa... nimelewa hewa," akasema. "Mlevi... husema ovyo."

"Sawa, Baba," alisema wifi. Akaanza kuinuka.

"Kaa."

Akakaa. Mzee akavuta pumzi, akaikosa, akavuta nyingine. Gololi ilikuwa palepale kwenye moja. Ilionekana wazi kwamba kila neno lilikuwa linamgharimu, na mtu wa hesabu kama yeye hatoi gharama ovyo.

"Ulikuwa unaunguza," akamwambia. "Maharage. Wali. Kila kitu... ulikuwa unaunguza. Mwaka mzima. Nimekula... mkaa... mwaka mzima."

Wifi alimtazama. "Hukuwahi kuniambia, Baba."

Nami nilishangaa. Mtu aliyekuwa anasikia pembe iliyorukwa akiwa chumba cha pili alikula mkaa mwaka mzima akanyamaza.

"Nilikuwa na miaka kumi na miwili," alisema wifi.

"Najua," alisema mzee, na ilimbidi angoje pumzi nyingine ije ndipo amalizie. "Ndiyo maana nilikula."